Maji ya chumvi sakafuni: nilivyorekebisha mzunguko na mafuriko ya tangi langu la samaki

Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 55. Chini yake, kabatini, kuna sampu, yaani tangi la chini la vichujio na pampu, ya 90 kwa 40 kwa 40. Maji hufurikia kwenye kisanduku cha kona chenye meno, hushuka kwa bomba la inchi moja, hupita kwenye vichujio vya sampu, kisha pampu huyarudisha juu. Ukiacha kioo kuvuja, mafuriko ya mfumo huu yana njia kuu mbili: maji ya juu yameshuka mengi kuliko nafasi ya sampu, au pampu imepandisha maji ambayo hayana pa kushukia.

Yangu yalikuwa ya njia ya kwanza. Umeme ukikatika, bomba la kurudisha hugeuka sifoni, kama mpira wa kunyonyea mafuta kwenye pipa. Linaendelea kuvuta hadi mdomo wake upate hewa. Mdomo wangu ulikuwa sentimita 12 chini ya uso wa maji. Uso wa 120 kwa 50 maana yake kila sentimita moja ni lita 6, kwa hiyo lita 72 zilikuwa zinasubiri kushuka. Ongeza lita 4 za kisanduku na moja na nusu iliyomo bombani. Nafasi tupu ya sampu hadi ukingoni ilikuwa kama lita 64. Hesabu hiyo ningeifanya kabla ya kununua bomba, nisingekausha sakafu.

Niliupandisha mdomo hadi sentimita 2 chini ya uso; sasa zinashuka kama lita 18. Juu ya hapo nilitoboa tundu la milimita 6 kwenye elbo (kiungo cha kona cha bomba), chini kidogo ya uso wa maji, ili hewa iingie mapema. Tundu hilo lisiposafishwa huzibwa na mwani na ule ukoko wa waridi, basi kila wiki mbili nalipitisha kijiti. Watu wengi hutegemea valvu ya kuzuia maji yasirudi. Mimi siitegemei: punje moja ya mchanga au ganda la konokono likikaa kwenye ulimi wake, haifungi tena, na hutajua hadi siku umeme utakapokatika.

Njia ya pili ya mafuriko hupimwa kwenye chumba cha pampu. Changu ni sentimita 30 kwa 40, kwa hiyo kila sentimita ni lita 1.2. Maji yako kwenye kimo cha 18, na pampu huanza kunyonya hewa yakifika 5. Bomba la kushushia likiziba, pampu itapandisha lita 15.6 kisha ikose maji. Juu, hizo ni sentimita 2.6 tu, na mimi nina sentimita 3.5 kutoka uso wa maji hadi ukingo. Ungekuwa na chumba kikubwa cha pampu, ambacho wauzaji hukisifia sana, hesabu hiyo ingekugeukia. Chumba hichohicho ndicho kinachoonyesha maji yaliyovukizwa, kwa sababu maji ya vyumba vingine yameshikiliwa na vioo vya kugawa. Kikishuka sentimita 2.5, umepoteza lita 3 za maji, chumvi imebaki. Jaza maji baridi yaliyochujwa, si ya chumvi.

Kelele ilinichukua muda zaidi. Bomba la kushushia lilikuwa moja, lenye kofia na tundu la hewa juu. Tundu likiwa dogo, bomba hugeuka sifoni, kisanduku kinamwagika kwa ghafla, hewa inaingia, maji yanajaa tena: sauti ya choo kila dakika. Likiwa kubwa, ni kugugumia mchana na usiku. Nikaachana nalo. Nilipitisha bomba la kurudisha juu ya ukingo wa nyuma, matundu mawili ya kisanduku yote yakawa ya kushushia. La kwanza ni sifoni kamili, lenye valvu ya geti, ile inayofungwa kwa kuzungushwa mara nyingi, karibu na sampu. Ile ya mpini wa robo mzunguko haifai, ukiigusa kidogo imeshapitiliza. La pili ni la dharura, mdomo wake uko sentimita 15 juu ya ule wa kwanza, na halina valvu kamwe. Unafunga valvu ya geti kidogo kidogo, unasubiri dakika kumi kila mara, hadi bomba la dharura lipitishe kijito chembamba tu. Kimya kabisa. Umeme ukirudi na sifoni ikakataa kuanza, angalia mwisho wa bomba ndani ya sampu: ukizama zaidi ya sentimita 2 au 3, hewa haitoki.

Mtiririko ukipungua, usikisie. Kinga ndoo ya lita 10 kwenye mdomo wa kurudisha na utazame saa. Pampu yangu imeandikwa lita 4,000 kwa saa, lakini baada ya kupanda mita 1.4 ndoo hujaa kwa sekunde 16, yaani lita 2,250. Ikifika sekunde 25 najua rota, ile sehemu ya pampu inayozunguka, ina ukoko wa kalsiamu. Naifungua, naiweka ndani ya siki na maji nusu kwa nusu kwa saa moja, naisugua kwa mswaki, naisuuza vizuri. Ndiyo maana kila bomba lina yunioni, kiungo kinachofunguliwa na kufungwa tena. Bila hiyo utakata PVC kwa msumeno.

Kisha chomoa plagi mwenyewe, ukiwa umesimama hapo na taulo. Maji yakitulia sampuni, weka alama kwa kalamu ya wino usiofutika. Rudia baada ya kila badiliko. Waya wa pampu uuning'inize ushuke chini ya soketi kabla haujapanda, matone yadondoke sakafuni.

Na kama yameshamwagika, zima kwanza kijazio, kile kifaa kinachoongeza chenyewe maji yaliyovukizwa. Kinaona pengo tu, hakijui kwamba kilichopotea ni maji ya chumvi. Mfumo wangu una kama lita 350; ukipoteza 20 na kujaza maji baridi, chumvi inashuka kutoka gramu 35 kwa lita hadi 33. Mwaga 20 zilizochanganywa na gramu 700 za chumvi ya akwariamu, taratibu, ndani ya sampu.