Siku moja maishani mwangu: fundi wa mashine za kusagia kahawa, Moshi

Saa 1 asubuhi

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kusagia kahawa za majumbani, hapa Majengo, Moshi. Blenda na pasi nazitengeneza pia, ndizo zinazolipa kodi ya fremu, lakini meza ya dirishani ni ya mashine za kahawa peke yake.

Tunaishi chini ya mlima unaotoa arabika inayosifiwa duniani. Bodi ya Kahawa iko mjini kwetu, na ushirika wa wakulima wa kahawa, KNCU, upo tangu 1933. Bado nyumba nyingi za hapa zinakunywa kahawa ya kopo, ile ya kukoroga. Naamini sababu moja kubwa ni hii: mtu akiletewa kilo nzuri na mjomba wake wa Kibosho, hana cha kuisagia. Mashine nzuri mpya inatoka nje na bei yake inatisha. Mashine nzuri iliyoharibika inatupwa stoo. Hiyo ya stoo ndiyo ninayoitaka.

Saa 2 na nusu

Mteja wa kwanza ni mama wa makamo, kaifunga mashine yake kwenye kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii binti yangu kanitumia kutoka Marekani. Nimechomeka tu, ikalia kama pikipiki, ikanyamaza."

"Ilitoa moshi?"

"Moshi hapana. Harufu."

Naigeuza nisome lebo ya chini: 120V, 60Hz. Ukutani kwetu ni 230V, 50Hz. Hiyo 50 na 60 haina shida hapa, kwa sababu mota ya mashine hii ni ya brashi za kaboni, haijali umeme unapiga mara ngapi kwa sekunde. Ingekuwa mota isiyo na kaboni, ile inayofuata mapigo ya umeme, ingezunguka polepole kwa moja ya sita. Volti ndizo zilizoleta balaa. Mota ya namna hii ukiipa karibu mara mbili ya volti zake, nayo inakimbia karibu mara mbili ya kasi yake, na waya zake zinapata moto kwa sekunde chache.

Nafungua. Naweka mita kwenye waya za mota: inasoma. Rektifaya, kile kidude cheusi chenye miguu minne kinachogeuza umeme wa ukutani uwe wa mkondo mmoja, nacho kizima. Nafuata waya hadi kwenye fyuzi ya joto, iliyofichwa ndani ya soksi nyeupe kando ya mota. Hapo mita inakaa kimya. Fyuzi hii hukatika mara moja tu na hairudi tena, na leo imefanya kazi iliyowekewa: imekufa yenyewe ili mota ipone.

Wapo mafundi wanaounganisha waya moja kwa moja na kuiruka fyuzi. Sikubaliani na kazi hiyo hata kidogo. Siku mota ikikwama na mtu kaenda kufungua geti, hakuna kitakachoizuia kuwaka. Naweka nyingine yenye nyuzi joto zilezile zilizoandikwa kwenye ile ya zamani, na wakati wa kuchomea risasi naubana mguu wake kwa koleo la mdomo mrefu, joto liishie kwenye koleo. Bila hivyo fyuzi mpya inakatika kabla haijaona umeme.

Namwambia mama arudi jioni, na tunakubaliana nimtafutie transfoma.

Saa 5

Mangi wa duka la jirani kaleta yake jana usiku. Mota inazunguka vizuri, sauti ipo, meno hayaendi. Kwa mashine zenye meno ya koni, koni ya ndani ikizunguka katikati ya pete ya nje, dalili hiyo karibu kila mara ni gia.

Naondoa pete, natoa koni, na pale chini, katikati ya meno mawili, nakuta kokoto. Rangi yake ni ya kahawa iliyokaangwa na ukubwa wake ni wa punje. Mangi alipewa robusta ya Kagera na shemeji yake. Sehemu kubwa ya robusta ya kule hukaushwa juani ikiwa na ganda lake, na ikianikwa chini, mawe hupanda nayo kwenye gunia. Arabika ya huku huoshwa, na sehemu kubwa ya mawe hubaki kwenye maji.

Gia ni ya plastiki na meno yake matano yamelala. Watu wananilalamikia sana kuhusu gia za plastiki: kwa nini wasiweke chuma? Mimi naitetea plastiki hii. Jiwe likikwama, lazima kitu kimoja kiachie. Gia ikiachia, umepoteza kitu cha bei ndogo. Ukiweka gia ya chuma, kitakachoachia ni meno ya kusagia au mota, na hapo mashine imekwisha. Mteja akiniomba ya chuma, nakataa na namweleza sababu.

Nahesabu meno, napima kipenyo, unene na tundu la katikati kwa venia, napiga picha juu ya karatasi ya mistari. Yuko kijana Arusha mwenye printa ya 3D anayenitengenezea gia za nailoni. Nailoni inavumilia msuguano. Ile plastiki ya kawaida ya printa inalainika mota ikipata joto. Namtumia vipimo kwa WhatsApp, gia mbili. Wakati nasubiri jibu, naosha sanduku la gia kwa spiriti mpaka vipande vyote vya plastiki vitoke, maana kimoja kikibaki kinakula gia mpya.

Saa 7 mchana

Machalari kwa mama ntilie. Dada mmoja ananifuata hapohapo na kikopo cha kusagia viungo, chenye kisu kinachozunguka chini, anataka nikirekebishe kisage kahawa sawasawa. Namwambia ukweli: kisu kinakatakata, hakisagi, na hakuna marekebisho yatakayokifanya kitoe punje za ukubwa mmoja. Asage kwa kugusagusa swichi, akitikise, kisha apitishe kwenye chungio la chai aondoe vumbi. Simtozi kitu.

Saa 8

Sasa kazi ninayoipenda kuliko zote. Mashine hii ni ya kijana wa Kiboriloni anayekaanga kahawa nyumbani kwao. Ni ya meno bapa, visahani viwili vya chuma vya milimita 64 vinavyotazamana, kimoja kimesimama na kingine kinazunguka na mota. Haijaharibika. Kaileta kwa sababu kikombe chake kina uchungu na uchachu kwa wakati mmoja, na anaweza kuwa na kahawa nzuri kiasi gani lakini hali haibadiliki.

Sababu inaonekana ukimimina unga wake kwenye karatasi nyeupe: vumbi na chenga vimechanganyika. Vumbi linatoa kila kitu kwa haraka mpaka uchungu, chenga linatoa kidogo na kubaki chachu, na maji ya moto hayana njia ya kuvipatanisha. Kahawa ya chujio inataka punje za kama mikroni 600 hadi 800 (mikroni elfu moja ni milimita moja), zinazokaribiana. Visahani vikiwa vimeinama japo kidogo, upande mmoja unasaga laini na wa pili unaachia chenga zipite.

Kwanza usafi. Nachomoa waya ukutani, natoa visahani vyote viwili, na chini yake nakuta ukoko wa kahawa ya zamani uliogandamana na mafuta. Punje moja ya ukoko chini ya kisahani inatosha kukiinamisha. Nakwangua kwa kijiti cha mwanzi, chuma kitaacha mikwaruzo. Nafuta kwa spiriti. Narudisha visahani na kukaza skrubu tatu kwa zamu, kidogokidogo, bila kuimaliza moja kabla ya nyingine.

Kisha kalamu, ile ya kuandikia ubao mweupe. Napaka wino ukingo wote wa nje wa meno, nafunga mashine, nakaza kipimo kwa mkono mpaka meno yaguse, nazungusha mota kwa mkono mara chache, nafungua. Palipofutika ni pale palipogusa. Palipobaki wino ni bondeni. Leo wino umefutika upande mmoja tu, karibu theluthi ya duara.

Dawa yake ni foili ya jikoni, ile ya kufungia samaki. Unene wake ni karibu mikroni 16, chini ya nusu ya unywele wa wengi wetu. Nakata kipande chembamba, nakiweka chini ya kisahani mahali ambapo wino haukufutika, nakaza, napaka tena, nazungusha tena. Wino unafutika nusu duara. Naongeza kipande kingine, safari hii kifupi. Hapa mkono unataka subira, kwa sababu ukizidisha upande huu, bonde linahamia upande wa pili na unaanza upya. Redio inatangaza vifo, watoto wanatoka shule, na mimi niko na vipande vya foili vidogo kuliko ukucha. Mwisho wino unafutika duara zima, isipokuwa madoa mawili ambayo nayaacha. Hayo yako kwenye kisahani chenyewe, yalitoka nayo kiwandani.

Baada ya hapo kipimo cha sifuri kimehama. Natafuta upya mahali meno yanapoanza kugusana, naweka alama nyekundu na rangi ya kucha. Mteja atahesabu kuanzia hapo, siyo namba za zamani.

Saa 10

Anaingia mzee wa Rau na kisagio cha mkono. Ni cha chuma, meno ya koni, kizuri kabisa. Bega lake ndilo limechoka.

"Shikamoo meku."

"Marahaba. Nasikia unaweza kukifungia drili."

Naweza, na haichukui muda. Mhimili wa juu, pale mpini unapokaa, una pembe sita. Natafuta soketi inayoushika bila kucheza, naifunga kwenye drili ya betri. Masharti ni mawili. Spidi iwe ya chini, gia namba moja ya drili, maana drili ikikimbia unga unapata joto na mhimili unaanza kuyumba. Na kisagio kisishikwe kwa mkono mtupu, kwa sababu punje ngumu ikikwama mwili mzima wa kisagio unazunguka na kuumiza kifundo cha mkono. Nampa kibanio cha mbao chenye mpira ndani, cha kufungwa kwenye meza. Mzee anasaga gramu 20 mbele yangu, muda mfupi kuliko wa salamu za Kichaga. Anafungua kopo, ananusa, ananusa tena.

Saa 11 jioni

Kijana wa Kiboriloni amefika na kahawa yake, arabika ya Machame aliyoikaanga juzi, ya rangi nyepesi. Kahawa iliyokaangwa kidogo ni ngumu kuliko iliyokaangwa sana, kwa hiyo ndiyo inayofaa kwa majaribio. Mashine ikiiweza hii, nyingine zote inaziweza.

Napima gramu 15, naidondoshea tone moja la maji, nakoroga kwa kijiko. Anashangaa kuona maji yakiingia kwenye mashine ya umeme. Namweleza kwamba punje zikisuguana zinazaa umeme tuli, ndiyo maana unga unarukia kuta za mashine na kubaki mdomoni. Unyevu kidogo unaupunguza. Mwaka 2023 Christopher Hendon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon walichapisha utafiti unaoonyesha hivyo hivyo, na wakaeleza kwamba kikombe nacho kinanufaika kwa sababu unga haushikani mabonge. Tone moja, siyo zaidi.

Unga unatoka sawia. Namimina kwenye chungio, vumbi linalopita ni kidogo sana kuliko la mchana. Maji ya hapa mjini huchemka karibu na nyuzi 97, kwa sababu ya mwinuko, basi nayaacha yapumue kidogo, namimina mililita 250 taratibu. Mchana maji yalikwama juu ya unga yakawa matope. Sasa yanashuka.

Kijana anaonja, haongei. Anaonja tena.

"Kaka, hii ni ile ile kahawa yangu?"

"Ni ile ile. Ulikuwa unaikaanga vizuri siku zote."

Anaomba nimwekee na kipulizio cha mpira juu ya mdomo wa kuingizia punje, asukume unga unaobaki ndani. Nakata mpira wa pampu ya zamani, naufunga kwa klipu. Gramu karibu mbili zilizokuwa zikibaki kila akisaga sasa zinatoka, na hatakunywa tena unga wa jana ndani ya kahawa ya leo.

Saa 12 na robo

Mama karudi. Nimempatia transfoma ya kushusha umeme kutoka 230V hadi 120V, ile nzito yenye koili za shaba. Vile vidude vyepesi vinavyouzwa kwa ajili ya pasi za nywele havifai kwa mota. Mashine yake ni ya wati 150, transfoma ni ya wati 500, kwa sababu mota ikianza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko ulioandikwa kwenye lebo. Nimeifunga plagi ya mashine kwenye soketi ya transfoma kwa mkanda wa plastiki, mgeni asije akaichomeka ukutani moja kwa moja. Tunasaga pamoja kahawa aliyokuja nayo. Anauliza asage kipimo gani kwa ajili ya birika la kuchemshia na tangawizi. Namwonyesha: laini kuliko ya chujio, na aanze na kijiko kimoja kwa kila kikombe.

Kijana wa Arusha kajibu. Gia zote mbili anaziweka kwenye basi la asubuhi, moja ya Mangi, moja ya akiba. Naandika modeli ya mashine kwenye kopo tupu na kuliweka kwenye rafu, na Mangi namtumia ujumbe: kesho mchana njoo, na hiyo robusta uichambue kwenye sinia kwanza.