Kilo Moja na Nusu

Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka ya mwaka 2019 nilitembea kwa miguu kutoka Masasi mjini kwenda kijijini kwetu, upande wa barabara ya Newala, nikiwa na shilingi 600,000 kwenye mfuko wa ndani wa suruali. Nilitembea kwa sababu pikipiki ndiyo iliyozaa hizo fedha. Niliiuza Ijumaa jioni kwa bei ya kutupa, na aliyeinunua hakujua kwa nini nilikuwa natabasamu.

Nilikuwa natabasamu kwa sababu nilijiona Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili aliyeahidi kurudisha alichowadhulumu watu.

Tangu 2013 nilikuwa mtu wa kangomba. Kwetu neno hilo halihitaji maelezo, ila kwa msomaji wa mbali: miezi ya njaa, Januari mpaka Machi, mahindi bado mabichi shambani na watoto wanadaiwa michango ya shule, unamfuata mkulima na noti zako. Unanunua korosho za msimu ujao, hata maua bado. Zikikomaa unakuja na kipimo chako, si mizani. Changu kilikuwa bakuli la bati. Tuliliita kilo moja, na kila mtu alijua si kilo moja, lakini mwenye njaa habishani na bakuli. Mimi nilikuwa nimeligonga kitako kwa nyundo likaongeza kina, na wakati wa kupima nilikuwa na mtindo wa kulitikisa kidogo, korosho zishuke, kisha naongezea kichuguu juu.

Machi 2017 mjomba wangu aliugua. Kwetu sisi Wamakua mpwa ni mtu wa nyumba ya mjomba kuliko hata mtoto wake wa kumzaa. Yeye ndiye aliyenisimamia jandoni. Mkaza mjomba akaja kwangu kutafuta fedha za kumpeleka hospitali ya Ndanda. Nilimpa 100,000. Nikamwambia, bila aibu, kwamba msimu ukifika atanipa bakuli mia.

Mjomba alifariki Mei. Oktoba nilikwenda na bakuli langu.

Hilo ndilo lililokuwa likinirudia usiku, hata miaka ambayo nilikuwa nalala kwa nguvu ya nipa, ile pombe kali ya mabibo. Mwanamke aliyetoka kwenye eda juzi tu ameshika mdomo wa gunia, mimi nahesabu kwa sauti, tisini na nane, tisini na tisa. Hakusema neno. Kwenye mnada wa mwaka ule korosho zilivuka shilingi 3,500 kwa kilo.

Jinsi nilivyoanguka nitapita haraka, maana kuanguka kwa walevi kunafanana. Novemba 2018 serikali ilitangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300, wanajeshi wakaja kuzisomba, na kila mwenye mzigo akaulizwa: shamba lako liko wapi? Mimi nilikuwa na magunia arobaini na sikuwa na mkorosho hata mmoja wa kuning'iniza kanga. Niliyatelekeza. Tajiri wa mjini aliyenipa mtaji akaanza kunisaka, mke wangu akarudi kwao na watoto, na Krismasi ile niliikuta nimelala nyuma ya kilabu cha uraka, kiatu kimoja.

Aliyeniokota alikuwa katekista mzee, na hakunihubiria. Alinipa uji, akanipa kazi ya kufagia uwanja wa kanisa kuu pale Mtandi, chini ya ule mlima wa jiwe. Nilifagia Januari, Februari na Kwaresima yote. Wakati wa kupumzika alipenda kusimulia jinsi Askofu Steere alivyotoka Lindi mwaka 1876 na watumwa walioachiwa huru, akikusudia kuwafikisha kwao karibu na Ziwa Nyasa, wakafika hapa, wakaipenda ardhi, wakakataa kuendelea. "Kanisa hili," alikuwa anasema, "limeanzishwa na watu waliowahi kutajiwa bei." Alikuwa anaangalia mahali pengine akisema hivyo, lakini mimi nilikuwa naliona bakuli.

Sisi Waanglikana wa Masasi tunaungama kwa padri, jambo ambalo baadhi ya Waanglikana wenzetu wa mikoa mingine hulishangaa. Juma Kuu niliingia, nikapiga magoti, nikasema yote. Nilipofika kwenye habari ya bakuli padri aliniuliza, "Lilikuwa linabeba kiasi gani?" Nikajibu, "Kilo moja na robo, padri." Aliniondolea dhambi zangu kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Kisha akaniambia niende kwa yule mama.

Nilitoka pale mwepesi. Sidanganyi, siku ile hata harufu ya nipa ilinipita kama ya mtu mwingine. Jumapili ya Pasaka niliimba mpaka sauti ikakauka. Nikapiga hesabu yangu: bakuli mia ni kilo 125, kwa 3,500 ni 437,500, toa 100,000 niliyompa, nadaiwa 337,500. Mimi nitampa 600,000! Nilikuwa nimeshaona anavyolia, anavyonikumbatia, na majirani wanavyochungulia.

Nilimkuta barazani anachambua mbaazi, na mjukuu wake wa darasa la sita anaandika kazi ya shule.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Leo huna pikipiki."

Nikakaa kwenye kigogo. Nikaeleza: nimeacha pombe, nimetubu, nimeungama kwa padri, Mungu amenisamehe. Mkaza mjomba ni Mwislamu, kama nusu ya ukoo wetu, na Idi na Krismasi tumekula sahani moja tangu utotoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, kwa upole kabisa, kama anayetaka kujua:

"Huyo padri wako, ulimwibia nini hata akusamehe yeye?"

Nilikuwa na majibu ya katekisimu. Hakuna hata moja lililopita kooni. Nikatoa bahasha, nikaiweka kwenye ungo wa mbaazi. Hakuigusa.

"Bakuli liko wapi?"

"Lipo kule nilikokuwa nakaa, mama."

"Kalilete."

Ni mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na mvua ya mwisho mwisho ya masika ilinikuta katikati. Nililitoa chini ya kitanda, limeshika kutu ukingoni. Niliporudi nimelowa, nilikuta mizani ya kuning'iniza imefungwa kwenye boriti ya baraza, imeazimwa dukani, na kiroba cha korosho alizobakiza za kubangua nyumbani kiko chini yake.

"Pima," akasema. "Kama ulivyokuwa unapima."

Nikachota, nikasawazisha kwa kiganja.

"Hukuwa unafanya hivyo."

Nikaongeza kichuguu.

"Ulikuwa unatikisa. Mara tatu."

Alikuwa amehesabu. Siku ile ya gunia, nilipodhani anamuomboleza mjomba, alikuwa ananihesabu mikono. Nikatikisa mara tatu, nikaongeza, korosho mbili zikadondoka, mtoto akaziokota akazirudisha juu maana ndivyo nilivyokuwa nafanya na yeye pia alikuwepo. Wakamimina kwenye mfuko, wakautundika. Mtoto akasogeza uso kwenye mizani.

"Moja na nusu, bibi."

Nikasema haiwezekani. Tukapima tena. Moja na nusu.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Kuiba nilikuwa nimeshakuzoea kukukiri. Katika vikundi vya sala watu hata wanakupongeza kidogo kwa ukubwa wa dhambi zako za zamani. Lakini hili lilikuwa jipya. Nilipiga magoti mbele ya altare, machozi yananitoka kwelikweli, na mbele ya Mungu nikaungama kwa kipimo pungufu. Robo. Sikukusudia kudanganya. Ndivyo nilivyokuwa nimejiambia kwa miaka, na nikaamini.

Mtoto alikuwa ameshaanza kukokotoa nyuma ya daftari. Mia mara moja na nusu, kilo 150. Mara 3,500, ni 525,000. "Alitupa laki moja," bibi akamkumbusha, na sauti yake haikuwa na kejeli. Deni ni deni pande zote mbili. Zikabaki 425,000.

Akafungua bahasha, akahesabu noti moja moja, akazifunga kwenye pindo la kanga. Zilizobaki akanirudishia.

"Mama, zote ni zako. Nilitaka..."

"Mimi nachukua changu. Hizo ukitaka sifa kazitafutie kwingine." Kisha akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Kwani uliniibia peke yangu?"

Hakuniambia amenisamehe, siku ile wala baadaye. Mbaazi zilipoiva alinipakulia, nikala na mjukuu wake. Nikiwa nanawa mikono akasema mikorosho ya mjomba haijafyekewa na kwamba wao wanaanza Jumatatu, saa kumi na mbili, na kila mtu anakuja na panga lake. Bakuli akalichukua, akalisukumia kwa kuku.

Niliondoka jua likizama na 175,000 mfukoni. Kutoka pale barazani naziona nyumba tatu kwa mkupuo, na zote tatu niliwahi kukaa ndani yake na bakuli lile. Nyuma yangu nikasikia miguu ya mtoto anakimbia kwenye tope.

"Mjomba! Mjomba!" Alikuwa ameshika karatasi iliyochanwa daftarini, ile ya hesabu. "Bibi anasema ukaitumie kwa wengine. Anasema usisahau, ni moja na nusu."