Waya mmoja wa Escudo: kumbukumbu ya mradi wangu wa mafuta

Leo asubuhi nimejaza tenki mara ya tatu tangu nikate na kuunganisha upya waya mmoja mbovu wa gari yangu, na hesabu imerudi pale pale. Kilomita 274 kwa kipimo cha simu, lita 26.0. Hiyo ni kilomita 10.5 kwa lita. Mara ya kwanza ilikuwa 10.8, ya pili 10.7. Nilijizuia kuandika chochote mpaka nipate ya tatu, maana mradi huu ulishanipa furaha ya uongo mara mbili. Nilianzia 6.9. Mwenye gari ya fowili (inayovuta kwa tairi zote nne) hapa Pemba, anayesubiri kila mwezi ZURA, mamlaka ya Zanzibar inayopanga bei ya mafuta, itangaze bei mpya, hahitaji kuelezwa tofauti hiyo maana yake nini.

Gari ni Suzuki Escudo ya milango mitano, TD01W, injini G16A ya vali 16, gia za mkono. Inapanda na kushuka milima ya Chake Chake na Mkoani karibu kila siku, na siku za karafuu inapakia magunia kutoka njia za mashamba ambazo gari ndogo haifiki. Sikuwa na nia ya kuigeuza gari ya mbio. Nilitaka inywe kama ilivyoundwa inywe.

Kabla ya kugusa spana, nilipoteza wiki nzima kwenye kupima, na siijutii. Tairi alizoziacha aliyeniuzia ni 235/75R15, saizi ya zamani ni 205/75R15. Ukipiga hesabu, tairi yangu ina kipenyo cha milimita 733 na nusu, ile ya zamani 688 na nusu. Kila tairi inapozunguka mara moja, gari inakwenda mbele zaidi ya inavyodhani saa ya kilomita, tofauti ya asilimia 6 na nusu. Nikaweka simu kwenye dashibodi: saa ya gari iliposema 100, simu ilisema 106. Kwa hiyo ile 6.5 niliyokuwa nikiilalamikia barazani kwa miezi ilikuwa 6.9 tangu mwanzo. Kama umebadilisha saizi ya tairi na hujarekebisha hesabu, unailaumu injini kwa dhambi ambayo sehemu yake si yake. Nikashika kanuni moja: kituo kile kile, pampu ile ile, asubuhi, pampu ikijikata mara ya kwanza basi, hakuna kuongeza za kujazia jazia.

Mambo ya kawaida nayapita mbio. Ea klina mpya, plagi mpya, oili nyepesi badala ya ile nzito ya 20W-50, upepo wa tairi sawasawa. Keria ya juu niliishusha, ingawa kwa mwendo wetu wa hapa sikutegemea makubwa. Upepo unaanza kula mafuta gari ikikimbia kweli, na kwetu kona inafuata kona. Nilichotegemea zaidi ni kupunguza uzito, kwa sababu ya milima. Nikatoa nyuma jeki mbili, minyororo, na mfuko wa saruji uliokwishaganda sijui tangu lini. Yote hayo pamoja: 7.1.

Breki zilinipa kitu cha maana zaidi. Nilirudi Mkoani jioni, nikasimama bila kukanyaga breki kwa nguvu, nikapitisha mkono karibu na kila ringi. Mbele kushoto ilikuwa moto kupita wenzake. Pini za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi, zilikuwa zimeshikwa na kutu, pedi inakwaruza diski saa zote. Chumvi ya bahari hii haina huruma na chuma. Nikazisugua kwa msasa laini, nikapaka grisi ya breki yenyewe (tafadhali si ile ya beringi, inavimbisha mpira), nikarudisha. 7.7. Hapo ndipo nilipofurahi mara ya kwanza.

Kisha nikafungua nyumba ya themostati, ile vali inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto, nikakuta tupu.

Hili nilikuwa nalitegemea na bado liliniuma. Gari ngapi hapa visiwani zinatembea bila themostati? Nilimuuliza fundi mmoja mzee ninayemheshimu sana, akanijibu, "Mwanangu, hii nchi ya joto, themostati ya nini? Ile ya Wazungu wa theluji." Nikamwambia, "Shikamoo yako naishika, ami, lakini injini haijui kama iko Pemba." Alicheka, tukanywa kahawa. Lakini nasimama kwenye neno langu. Injini inataka nyuzi 80 na kitu za joto, iwe Tokyo iwe Wete. Ukiitoa themostati, maji yanazunguka rejeta saa zote, injini inabaki vuguvugu, petroli haichomeki vizuri, oili inabaki nzito, na kompyuta inaendelea kuongeza mafuta kama mtu anayewasha gari alfajiri. Gari ikichemsha, tafuta kilichoichemsha: rejeta imeziba, feni imechoka, mfuniko haushiki presha. Kutoa themostati ni kumnyamazisha mgonjwa.

Mpya ya nyuzi 82 ilikuja kwa boti kutoka Dar es Salaam. Niliitumbukiza kwenye sufuria la maji jikoni na kipimajoto pembeni, nikaitazama ikifunguka taratibu, nikaridhika. Nikaifunga, kile kitundu chenye kipini kikielekea juu ili hewa itoke. Mshale wa joto kwenye dashibodi, ambao tangu niinunue gari ulikuwa ukilala chini, ukapanda ukasimama katikati kama askari.

Nikajaza tenki nikiwa na uhakika wa 10. Ikaja 8.1.

Sikulala vizuri siku ile. Nilichomoa plagi, nazo zilikuwa nyeusi, masizi makavu, zote nne. Ekzosi ilinuka petroli. Injini ilikuwa na joto sahihi, hewa safi, breki huru, na bado mtu fulani mle ndani alikuwa anamimina. Nikashauriwa kubadilisha sensa ya oksijeni, ile inayonusa moshi wa ekzosi ili kompyuta ijue mafuta yamezidi au yamepungua. Nikanunua. 8.0. Pesa hiyo ilinichoma kuliko zote, kwa sababu nilinunua kabla ya kupima, na mimi ndiye ninayewahubiria wenzangu wapime kwanza.

Nikaunganisha waya kwenye plagi ya uchunguzi kusoma namba za hitilafu. Taa ya injini ikawaka mara moja, ikapumzika, ikawaka mara mbili. Hiyo ni 12, na kwa Suzuki hizi 12 ni kusema kila kitu salama. Nilikaa juu ya ndoo pale uani nikiitazama ile taa ikirudia. Moja, mbili. Salama, salama. Nilitamani kuing'oa.

Dalili ilikuwa mbele yangu siku zote. Gari ikiwa moto kabisa, nimesimama, injini ilikuwa inazunguka 1,100 kwa dakika. Inatakiwa iwe kama 800. Nilikuwa nimeizoea, nikadhani ni uzee. Kumbe mizunguko ya juu namna ile ndiyo tabia ya injini baridi. Kompyuta ndiyo inayoiamuru. Basi swali likabadilika: kwa nini kompyuta inaiona injini baridi wakati mshale unaonesha iko moto?

Jibu la nusu: zile ni sensa mbili. Ya mshale wa dashibodi ina waya mmoja. Ya kompyuta ina waya mbili, inakaa peke yake kwenye njia ya maji karibu na nyumba ya themostati. Mshale unaweza kusema kweli na kompyuta ikadanganywa saa hiyo hiyo.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, nikavuta turubai juu ya boneti, nikachukua multimita, kile kipimo cha umeme. Sensa hii ni rezista ambayo ukinzani wake wa umeme unapungua kadiri joto linavyopanda: kwenye nyuzi 20 inasoma kama ohmu 2,400, kwenye nyuzi 80 karibu 300. Injini ikiwa moto nikachomoa plagi yake, nikapima kwenye pini: 310. Sensa nzima kabisa! Hapa mtu mwingine angefunga boneti. Mimi mwenyewe nilifunga boneti. Nikaingia ndani, nikala, nikarudi.

Kilichonirudisha ni wazo moja: kompyuta haiko pale kwenye sensa. Iko ndani, chini ya dashibodi, na kati yao kuna waya. Nikairudisha plagi ya sensa, nikawasha injini mpaka ikapata moto, nikazima, nikachomoa plagi ya kontroli boksi, yaani hiyo kompyuta, na kupima waya zile zile mbili kutoka upande wa ndani. 1,900.

Nilirudia mara nne. 1,900, 1,880, 1,900, 1,910. Sensa inasema 310, kontroli boksi inasikia 1,900. Kwa lugha ya sensa ile, 1,900 ni nyuzi hamsini na kitu chini ya ukweli, ni asubuhi ya kusi kabla jua halijapanda. Kila siku, Mkoani kwenda na kurudi, jua la mchana, kompyuta yangu iliamini injini imewashwa sasa hivi. Ikaongeza mafuta, ikapandisha mizunguko, na haikuisikiliza sensa ya oksijeni kabisa, kwa kuwa injini ikiwa baridi haitakiwi kuisikiliza. Ndiyo maana sensa mpya haikubadilisha kitu. Na taa haikuwaka kwa sababu 1,900 ni jibu linalowezekana. Waya ungekatika kabisa, taa ingewaka siku ya kwanza na mateso haya yote yasingekuwepo.

Kutafuta mahali penyewe kulichukua siku mbili. Nilikuwa nabinya waya sentimita kwa sentimita huku mdogo wangu anasoma multimita kwa sauti. "Elfu moja mia tisa. Elfu moja mia tisa. Mia nne! Kaka, mia nne!" Ilikuwa nyuma ya betri, sehemu mtu alipowahi kuunganisha kwa kusokota na kuzungushia tepu. Nikakata. Shaba yote imegeuka unga wa kijani, nyuzi mbili tatu tu ndizo zilizokuwa zimeshikana. Maji ya chumvi yanaingia mwisho wa tepu yanasafiri ndani ya mpira, kwa nje huoni kitu. Nilikata sentimita 20 kila upande mpaka nikakuta shaba nyekundu.

Hapa niseme la vifaa. Multimita yangu ni ya bei ya chini kabisa, imeanguka mara nyingi, na ndiyo iliyomaliza kazi. Mashine za kusoma hitilafu zinazouzwa sasa hazina pa kuchomeka kwenye gari ya umri huu, usitupe pesa. Kwa kuunganisha, solda. Chuma changu cha solda kinatumia umeme wa betri ya gari, volti 12, kwa hiyo umeme ukikatika mtaani kazi haisimami. Baada ya solda, mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani, kisha uupinde waya uelekee chini ili maji yasisafiri. Tepu nyeusi peke yake kwenye kisiwa ni kuahirisha ugonjwa. Na wale wanaouza sumaku za kufunga kwenye mpira wa petroli, mnisamehe: shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima vifaa vya namna hiyo zaidi ya 100 kwa miaka mingi, na karibu vyote havikuleta kitu.

Nikawasha. Dakika chache, mizunguko ikaanza kushuka yenyewe. 1,100, 1,000, 900, ikatulia 800 na kidogo. Sikuwa nimegusa skrubu yoyote. Injini ikawa kimya kiasi kwamba nilisikia kuku wa jirani. Nilisimama pale na mikono myeusi nikitabasamu peke yangu.

Mpango uliokuwa umeandikwa kwenye daftari baada ya hapo ni kufungua habu za mbele, kusafisha na kutia grisi mpya, halafu kutafuta tairi za 205. Sijafanya. Sababu ni kwamba wiki iliyopita nimepata geji ya vakyumu, kipimo cha mvuto wa hewa wa injini, kwenye boksi la takataka la gereji moja, kioo kizima, na nimeshindwa kufikiria kazi nyingine.

Mpira wake unachukua kutoka manifoldi ya kuingiza hewa. Gari ikiwa imesimama na injini inanguruma, inasoma kama inchi 18 za zebaki, na haichezi, jambo linalonipa matumaini kuhusu vali zangu. Ukikanyaga, mshale unaanguka. Kadiri unavyoanguka ndivyo unavyomimina. Jana nimepanda kutoka Mkoani mara mbili, kilima kile kile, tofauti ni mguu tu. Mara ya kwanza, gia ya nne, nimekandamiza, mshale 3. Mara ya pili nimeshuka gia ya tatu mapema, nimekanyaga kwa upole, mshale 8, na nimefika juu karibu muda ule ule. Nilikuwa naamini miaka yote kwamba gia kubwa daima ndiyo inayobana mafuta. Kwa mlima ule, na tairi hizi kubwa, sina uhakika tena, na nataka tenki mbili za kupima, moja kwa kila mguu.

Tatizo dogo: mshale unatetemeka sana kwenye mwendo, kusoma kazi. Inatakiwa kuwekwa kizuizi chenye tundu dogo ndani ya mpira. Nimejaribu kijibomba cha kalamu ya wino kilichozibwa kwa gundi na kutobolewa kwa sindano, na gundi ikalainika kwa joto la injini. Kesho najaribu jeti ya kabureta ya pikipiki, namba ndogo kabisa nitakayoipata Chake.