Dawa ileile, miili tofauti

Kosa la dozi kwa mtoto mara nyingi huanzia kwenye kijiko. Vijiko vya jikoni havilingani. Tumia bomba la kupimia au kikombe kilichokuja na dawa. Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 ndani ya saa 24. Mtoto wa kilo 10 akihitaji miligramu 120, hizo ni mililita 5 za dawa ya maji yenye nguvu ya 120 kwa 5, yaani miligramu 120 katika kila mililita 5. Lakini zipo chupa za 250 kwa 5, na hapo mililita zilezile zina dawa zaidi ya maradufu! Tafadhali soma lebo kila unapofungua chupa mpya.

Kwa wazee shida ni figo, ambazo hutoa dawa polepole. Ibuprofeni, dawa ya maumivu, ikiongezwa juu ya enalapril (dawa ya shinikizo la damu) na dawa ya kukojosha inaweza kuumiza figo vibaya, hasa mtu akiwa anaharisha au kutapika. Mfamasia atajiwe dawa zote, hata zile za maumivu. Mjamzito wa wiki 20 na kuendelea asinywe ibuprofeni bila agizo la daktari.