Wagonjwa wangu wa kompyuta walivyogoma kutulia

Swali nililopewa lilikuwa fupi: je, inafaa kumpima jeni kila mgonjwa anayewekewa stenti ya moyo (kijibomba kinachoshikilia mshipa wa damu uwe wazi) kabla ya kumwanzishia klopidogreli, dawa ya kuzuia damu isigande? Dawa hii haifanyi kazi mpaka ini liigeuze, na kimeng'enya kinachoigeuza, CYP2C19, kwa baadhi ya watu ni kizembe. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ililiandika jambo hilo kama onyo zito kwenye lebo. Dawa mbadala zipo, tikagrelori mojawapo, ila huongeza hatari ya kuvuja damu.

Nilianza na modeli ya Markov, hesabu inayowahamisha wagonjwa kutoka hali moja ya afya hadi nyingine kwa mizunguko ya muda sawa, maana ndiyo niliyoizoea. Mzunguko ulikuwa wa mwezi mmoja. Nikakwama mapema: hatari ya stenti kuziba ni kubwa zaidi siku za mwanzo, nami siku hizo nilikuwa nimezifunga zote katika furushi moja. Tena modeli ya aina hiyo haina kumbukumbu ya yaliyompata mgonjwa kabla, usipoilazimisha.

Nikahamia uigaji wa mgonjwa mmoja mmoja kwenye kompyuta, kila mtu na umri wake, jeni zake na saa ya kila tukio. Nikaumba wagonjwa 1,000. Kipimo kikaonekana kinalipa. Nikaendesha tena, kikawa hasara. Siku mbili nzima nilisaka kosa kwenye programu (na nilimlaumu kila mtu isipokuwa mimi). Kumbe waliopimwa niliwapa bahati yao na wasiopimwa bahati nyingine, na tofauti ya bahati ikaimeza tofauti ya tiba.

Kuongeza wagonjwa husaidia, lakini kwa ubahili: ukitaka mtikisiko wa matokeo upungue kwa nusu, idadi lazima iwe mara nne. Kilichoniokoa ni kumfanya kila mgonjwa aishi mara mbili kwa namba nasibu zilezile, yaani bahati ileile, kwanza bila kipimo, kisha nacho. Hapo pia niliteleza. Namba zote zilitoka kwenye mfululizo mmoja, hivyo mgonjwa akibadilishiwa dawa katika maisha ya pili, namba za maisha hayo mawili zilipishana hadi mwisho. Nilipokipa kila kitu mfululizo wake, yaani kuziba, kuvuja damu na kifo, mambo yakatulia. Ambaye kimeng'enya chake ni kizima, na kipimo kikasema kweli, aliishi maisha yaleyale mara zote mbili, akatofautiana kwa gharama ya kipimo tu.

Ndipo nikaona kilichokuwa kimefichwa na ule mzunguko wa mwezi mmoja. Majibu yakirudi baada ya saa moja, kipimo kilijitetea vizuri. Yakirudi baada ya wiki, faida kubwa iliyeyuka, kwa kuwa stenti nyingi za kuziba zilikuwa zimeshaziba.

Walioniuliza swali walikuwa wakibishania bei ya kipimo. Niliwapelekea mchoro mmoja, na kwenye mstari wake wa chini niliandika siku za kusubiri majibu, si fedha.