Meli yangu ilikaa kitako kama mbwa

Watu watatu waliniambia kuhesabu uthabiti wa meli kwa kompyuta ni kazi ya kubonyeza tu. Wote watatu hawajawahi kuteremka ngamani, tumboni mwa meli, na mmoja wao akipanda feri ya Likoni hushika chuma kwa mikono miwili.

Mimi nimekula chumvi ya bahari miaka kumi na moja, nikafika ofisa wa pili, kisha mgongo ukanishusha nchi kavu. Sasa nimekaa kwenye ofisi ndogo Kilindini, bandari ya Mombasa, yenye feni moja inayolia kama paka. Mwaka huu tajiri wangu alinunua kimeli cha mizigo, urefu mita 52, upana mita 10, apeleke saruji na mabati Moroni, Komoro. Kitabu cha uthabiti, chenye hesabu za kuonyesha meli haitapinduka, kilikuja nacho, lakini hali za shehena zilizomo ni za mbao na mapipa, saruji haimo hata ukurasa mmoja. Mkaguzi akataka hali mpya zihesabiwe. Mtaalamu aliyeulizwa bei akataja bei, tajiri akaagiza kahawa ya pili, akanigeukia. "Si wewe wajua kompyuta?"

Hali ya shehena, kwa asiyejua, ni meli iliyosimamishwa katika saa moja: imebeba nini, kiasi gani, kimewekwa wapi, matangi yana maji na mafuta kiasi gani. Unaandika moja ya kuondoka, mafuta na maji ya kunywa yakiwa yamejaa, na moja ya kufika, yakiwa yamebaki asilimia 10. Kisha unaandika nyingine mbili kama hizo, meli ikiwa haina mzigo. Programu ndiyo inayohesabu meli itazama kiasi gani na ikilazwa na wimbi itarudi kwa nguvu gani. Kuchora umbo la meli na matangi yake sitaeleza. Ukishindwa hapo, huku usije.

Usiku wa kwanza niliandika uzito wa meli tupu, tani 430, na mahali pa kitovu chake cha uzito kama kitabu kilivyosema: hasi 4.10. Nikabonyeza. Kompyuta ikawaza, ikawaza, kisha ikanionyesha kimeli changu kimeinua omo, yaani mbele, juu mbinguni, na tezi, yaani nyuma, yote iko ndani ya maji. Kimekaa kitako kama mbwa anayengoja mfupa mlangoni kwa muuza nyama.

Nikampigia rafiki yangu mmoja mhandisi. Hakuuliza swali hata moja. "Ongeza uzito mbele, yakhe. Meli ikikaa nyuma, dawa ni mbele."

Basi nikaongeza. Tani 50 omoni: mbwa hakunyanyuka. Tani 100: akatikisa masikio. Nikaona hapa pana matumaini, nikachemsha chai ya rangi, nikaendelea. Kufika saa saba za usiku nilikuwa nimetia tani 500 za chuma cha kubuni kwenye pua ya meli ambayo yenyewe ina tani 430. Ikalala sawa kabisa juu ya maji. Nikaipiga picha skrini, nikaenda kulala nikijiona mjuzi kuliko waliojenga meli.

Asubuhi, kwenye feri, mama mmoja mwenye kapu la maembe alikuwa akizungumza kwenye simu kwa sauti. "Niko mbali bado!" Sijui wa upande wa pili alisema nini, lakini mama akamjibu kwa hasira, "Mbali na wewe, basi! Na nyumbani niko karibu!"

Nikasimama pale pale kama niliyepigwa kofi. Kitabu kinapima kuanzia katikati ya meli: hasi 4.10 maana yake mita 4.10 nyuma ya katikati. Programu inapima kuanzia kwenye usukani, kule nyuma kabisa. Kwa hiyo mimi niliiambia kwamba tani zote 430 za meli zinaning'inia mita nne nyuma ya usukani, hewani, hakuna chombo chini yake. Ilivyokaa kama mbwa ilikuwa na adabu sana. Nusu ya mita 52 ni 26, toa 4.10, unapata 21.90. Nikaandika namba hiyo, nikafuta tani 500 za chuma, meli ikalala. Ile picha ya skrini niliifuta pia, tena kabla ya kuketi.

Kabla hujaandika chochote, basi, tafuta vipimo vinaanzia wapi, kwa urefu na kwa kimo. Na angalia uzito wa kila kimiminika, maana tangi likishachorwa programu yangu hudhani lina maji ya bahari, tani 1.025 kwa kila mita ya ujazo, na dizeli ni kama 0.85. Tangi la mita za ujazo 40 linakupa tani 41 za mafuta ambayo hukuyanunua, badala ya 34.

Baada ya hapo nikadhani nimemaliza. Hali ya kuondoka ilipita vizuri. Hali ya kufika ikakataa. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari za mwaka 2008 zinataka mambo kadhaa: ile GM, kimo kati ya kitovu cha uzito na metasenta (nukta ya juu ambayo meli ikilala kidogo huwa kama imening'inizwa nayo), isipungue mita 0.15; mkono wa kuirudisha meli wima, GZ, ufike angalau mita 0.20 ikiwa imelala digrii 30 au zaidi; na kilele cha mkono huo kisitokee kabla ya digrii 25. Changu kilitokea digrii 22. Mtu wa nje hushangaa meli iondoke salama na mzigo wote, kisha ifike na hatari ilhali imepungua uzito. Lakini mafuta yanakaa chini kabisa, juu ya mkuku, ule uti wa chini wa meli. Ukiyachoma umepunguza uzito wa chini, na kitovu cha uzito kinapanda.

Hapa ndipo ulipokuja ushauri ulioniudhi hadi leo. Bwana mmoja, tena mwenye vyeti ukutani, akaniambia, "Tia farumi, maji ya kuitulizia meli, tangi namba mbili. Nusu yatosha, usiizamishe meli bure." Nikatia nusu, mambo yakaenda mrama zaidi ya mwanzo. Nikarudia, nikidhani nimekosea kuandika. Hali ile ile.

Nikachukua karatasi na kalamu, na hesabu hii naikumbuka kama jina la mama yangu. Tangi lile lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 9, halina ukuta wa katikati. Likiwa nusu, maji yanakimbilia kila upande meli inakolalia. Chukua 8, zidisha kwa 9 mara tatu, gawa kwa 12: 486. Zidisha 1.025, upate 498. Gawa kwa uzito wa meli yote, kama tani 1,180, upate mita 0.42. Yale maji ya nusu tangi, kwa kuwa chini, yalininufaisha sentimita 7 za GM. Kwa kuchezacheza kwake yakaninyang'anya 42. Laiti tangi lingekuwa na ukuta mmoja tu katikati, hasara hiyo ingeshuka hadi robo. Likijazwa asilimia 98 au zaidi, kanuni zinakuruhusu usiihesabu kabisa, lakini kulijaza gatini kungezamisha alama ya mzigo, ile ya ubavuni isiyoruhusiwa kuingia majini, na kulijaza safarini maana yake lipite kwenye nusu hiyo hiyo tukiwa nje, kusi likivuma.

Hapa Mombasa hakuna anayehitaji kuelezwa chombo kupinduka ni nini. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka na watu 272 wakafa, na zipo nyumba huku kwetu ambazo tarehe hiyo hawaitaji kwa sauti. Kwa hiyo sikutaka kupita kwa ujanja wa namba.

Nilikwama siku mbili. Siku ya tatu serahangi wa meli, mkuu wa mabaharia, alikuja ofisini kudai kamba mpya. Ni mzee wa Lamu, amelelewa kwenye majahazi, kompyuta huiita "sanduku". Akatazama mchoro wa meli kwenye skrini muda mrefu, kamba akazisahau.

"Hii ndiyo saruji?" akaniuliza, kidole juu ya kioo.

"Ndiyo, Ami. Tani 600."

"Mbona imejaa mpaka mlangoni?"

Nikamweleza kwamba programu huweka shehena katikati ya ngama, mita 2.9 juu ya mkuku. Akanitazama kwa huruma. "Saruji si pamba, mwanangu. Mifuko elfu kumi na mbili, ngama hii yala safu kumi na tano, basi. Kule juu kwabaki uwanja wa mpira." Kisha akaongeza, anaondoka, "Kwenda tezi na omo, marejeo ngamani."

Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni na sikuwahi kuitumia kwa maana yake yenyewe. Nikachukua utepe wa kupimia, nikateremka ngamani na mgongo wangu mbovu. Sakafu iko sentimita 80 juu ya mkuku. Mfuko wa kilo 50 ukilazwa una kimo cha sentimita 13 hivi. Safu kumi na tano ni mita 1.95. Kitovu cha saruji basi kiko kama mita 1.8 juu ya mkuku, sio 2.9. Mita 1.1 ya uongo, mara tani 600! Nilipoandika namba ya kweli, kitovu cha uzito cha meli nzima kilishuka zaidi ya nusu mita, na kilele cha GZ kikahamia digrii 27 bila tone la farumi. Bwana wa vyeti nilimtumia matokeo. Hajajibu.

Rafiki yangu wa tani 500 ndiye aliyejibu, kwamba GM sasa ni kubwa mno, hongera, kubwa ndiyo salama. Si kweli hivyo. Meli yenye GM kubwa hurudi kwa kishindo, na mabati ya sitahani yakifungwa kizembe yatakwenda kwa samaki. Nikaandika hivyo kwenye maelezo ya kufunga mzigo.

Bado nilikuwa na wasiwasi na kile kitabu cha zamani. Meli imetengenezwa mara ngapi tangu kiandikwe? Nikakumbuka jaribio la kuyumbisha, la kupata GM kwa muda wa mayumbo, ambalo kanuni hizo hizo zinalielezea kwa vyombo vidogo. Kabla ya kupakia, tukalegeza kamba za gatini, nikawapanga vijana tisa sitahani: wakimbie kushoto, wakimbie kulia, kwa kufuata mayumbo. Meli ya jirani wakatoka kutazama, mmoja akauliza kwa sauti kama tunafanya zefe na bwana harusi yuko wapi. Ilipoanza kuyumba sawasawa nikawasimamisha, nikashika simu. Mayumbo matano, kwenda na kurudi, sekunde 31 na nusu. Moja ni 6.3. Kwa meli tupu unachukua namba ya kanuni, 0.88, unazidisha kwa upana wa mita 10, unagawa kwa 6.3, kisha unazidisha jibu kwa lenyewe. Nikapata GM ya mita 1.95. Programu ilikuwa imesema 1.88. Nilirudia mara tatu, vijana wakanuna, nikawanunulia mahamri na mbaazi, kama elfu moja na ushei. Bei rahisi kuliko mtaalamu.

Jioni ya kuondoka nikakodi mashua nikasome alama za kina mwenyewe. Omo ilikuwa imezama sentimita 9 zaidi ya hesabu yangu. Tezi ilikuwa imepanda 5. Zamani ningelaumu programu. Safari hii nikakaa ndani ya mashua na kikokotoo, mwenye mashua akinung'unika kuhusu maji kupwa. Wastani meli imezama sentimita 2 zaidi, na kila sentimita moja ya meli hii ni tani 4.3 hivi. Kwa hiyo kuna tani 8 na nusu ambazo sikuziandika. Na ili omo izame na tezi ipande kiasi hicho, mzigo huo lazima uwe mbele kabisa, karibu na stoo ya minyororo.

Nikapanda juu. "Ami, kuna nini kwenye stoo ya omo?"

"Kamba kuukuu."

"Tani nane na nusu za kamba?"

Akanyamaza. Akatazama Likoni, akatazama viatu vyake. "Sanduku limekwambia?"

"Limenambia na mahali pake."

Ilikuwa ni unga wa ngano, magunia 170 ya kilo 50, biashara ndogo ya vijana tisa huko Moroni, pamoja na ya serahangi mwenyewe. Alama ya mzigo ilikuwa bado juu ya maji kwa sentimita 4. Nikarudi ofisini mbio, nikafungua hali mpya ya shehena, nikaongeza mstari mmoja: "Unga wa vijana, tani 8.5, stoo ya omo." Ikapita, ya kuondoka na ya kufika. Nikaichapa, nikampelekea kepteni atie sahihi. Aliusoma ule mstari mara mbili, akaniuliza kama yake, magunia kumi yaliyo chini ya kitanda, nayo nimeyahesabu.