Kilo mbili za mukene

Jana mama watoto kakaanga mukene, dagaa wa huku kwetu Uganda, harufu imejaa nyumba mpaka kwa jirani, watoto wanagombania sahani na mimi nimekaa tu. "Mbona huli?" Nikasema nimeshiba. Uongo. Mukene kwangu inanuka flashi.

Si mnakumbuka Januari 2021, intaneti ikazimwa Jumatano usiku tarehe 13, kesho yake kura, ikarudi Jumatatu tarehe 18. Sisi tulikuwa na ile programu ya stoku ya maduka ya dawa, mimi niko Ntinda, Kampala, mwenzangu, yule dada aliyekulia Busia, yuko Jinja. Kila mtu akajifungia na laptopu yake. Git, ile programu ya kutunza kila toleo la kodi, kwa hilo haina neno, historia yote unayo mwenyewe, unakumiti, yaani unahifadhi hatua za kazi, gizani hata mwezi mzima ukitaka, shida inakuja siku ya kukutana.

Jumamosi akanipigia, kaka nakutumia kazi yangu kwa taksi. Git ina kitu inaita bando, siyo la MB jamani, ni faili moja unafungia kumiti zako unabeba popote. Akatia kwenye flashi, flashi kwenye nailoni, nailoni katikati ya kilo mbili za mukene mkavu, eti nani ataiba mukene. Nilipopokea kwa konda nikafungua palepale nachakura kama paka, watu wananitazama. Bando likafunguka, nikamergi, nikaunganisha na kazi yangu, safi kabisa.

Jumatatu mtandao huo, bosi anapiga kila dakika kumi. Napush, yaani napandisha kazi kwenye seva yetu, seva inakataa, inasema huku kuna vitu wewe huna. Mwenye akili anavuta kwanza aone ni vitu gani. Mimi nikajiambia ni takataka za kabla ya kura, nikaongeza lile neno la kulazimisha, ikapita, nikaenda kununua roleksi, ile chapati ya kukunjia mayai.

Simu. "Kaka, kazi yangu ya jana siioni kwenye seva." Kumbe alinitangulia kupush, na kulazimisha kwangu kukafuta yake. Pale ndipo ningesema. Badala yake nikavaa sauti ya fundi nikamwambia vuta, halafu fanya riset ngumu ulingane na seva, tuanzie pamoja.

"Hapa pameandikwa branchi imelazimishwa. Ndiyo nini?"

"Hiyo kawaida tu, intaneti ikirudi."

Kimya kidogo, kibodi inalia. Halafu: "Sasa hata kwangu hakuna."

Nilihisi roleksi imegeuka jiwe tumboni. Nikamwambia afungue reflogi, lile daftari Git inaandika kila hatua uliyopita kwenye mashine yako, na kumiti iliyotupwa inakaa humo siku 30 usipoigusa mipangilio. Asome taratibu mstari kwa mstari, na ule wa kabla ya riset anitajie herufi na tarakimu za kumiti yake niandike, maana umeme siuamini na laptopu yake betri ilishakufa zamani.

"E ya Entebbe. Tisa. D."

"D ya dada ama B ya Busia?"

"D ya dada, kaka. Sifuri. Nne. F."

"F ya Fort Portal?"

"Ehe. Halafu B, hiyo sasa ndiyo ya Busia."

Laini inakatika inarudi, jogoo wake anawika katikati, karatasi ya roleksi ina mafuta kalamu haishiki, namwambia rudia, anarudia bila hata kukasirika, na huko kutokasirika ndiko kulikonimaliza. Akafungua branchi mpya, tawi jipya la kazi, kutoka pale. Kumiti zote zikarudi. Isipokuwa skrini ya dawa zinazokaribia kuisha muda, hiyo aliijenga Jumapili usiku akalala bila kukumiti, riset ikaimeza, na reflogi haijui kitu ambacho hakijakumitiwa. Akaijenga upya usiku uleule mpaka asubuhi.

Bosi akalaumu intaneti. Na mimi nikaitikia, tena kwa nguvu.

Wiki mbili baadaye mfuko mwingine ukaja na taksi, meseji: asante kwa kuniokoa kaka. Siku hizi Git ananishinda mbali, haiwezekani hajui lile neno lilikuwa na maana gani. Lakini hajawahi kuuliza tena. Nilichakura ule mfuko mpaka chini, sijui nilikuwa natafuta nini, nikakuta samaki tu. Tukawala wakaisha.